Samaki Asiye na Jeraha

Dukani kwangu siku huanza na harufu ya uduvi. Nautoa kwenye friza ukiwa umeganda kama kipande cha sabuni, nautia ndani ya kikombe cha maji, na ukianza kuyeyuka unatoa harufu ileile ya chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, wanapoanikwa mchangani kabla jua halijawa kali. Ninaishi Lubumbashi, nauza samaki wa mapambo kwa watu wenye sebule kubwa, lakini pua yangu haijahama Nchelenge.

Uduvi huo ni chakula cha farasi wa baharini. Kama hujawahi kumwona, ni kiumbe mdogo mwenye kichwa cha farasi na mkia wa kujikunja, na kuogelea hakujui sana. Anashika jani kwa mkia asichukuliwe na maji, halafu anamtazama uduvi anayepita mbele yake. Anamtazama kwa jicho hili, anamtazama kwa jicho lile, kama mama anayechagua nyanya sokoni, na mwishowe ndipo anamvuta kwa kile kimdomo chake kirefu. Tumbo la kuweka akiba hana. Akikosa leo na kesho, keshokutwa humpati.

Wateja wangu humpenda wakimwona, kisha huniuliza wamweke na nani ndani ya tangi la kioo, maana tangi la watu wenye sebule kubwa halitakiwi kuonekana tupu. Wananyooshea kidole wale samaki wa buluu na njano wanaokwenda mbio huku na huko. Swali lao la kwanza ni moja tu: anauma? Nawaambia hapana, haumi. Lakini simuuzi. Naeleza kwamba yule wa buluu hatamgusa farasi hata siku moja, ila atamaliza chakula chote farasi akiwa bado anachagua. Namwekea mteja konokono, namwekea yule samaki mdogo anayekaa kimya juu ya mchanga, na yule mwembamba kama sindano ya kushonea magunia, ambaye ni ndugu wa farasi na mdomo wake ni wa polepole vilevile. Wengine hukasirika wakaenda kununua kwingine. Mmoja aliwahi kuniuliza mambo haya nilisomea wapi. Nikamjibu, kwa Bana Chanda, Nchelenge. Akatikisa kichwa kwa heshima, nadhani alifikiri ni chuo.

Sasa nyinyi niwaambie ukweli wote, maana mmekaa kunisikiliza.

Tulivuka ziwa kutoka Pweto wakati wa vita, mimi Feza, mama, na mdogo wangu wa kike Numbi, juu ya boti ya wafanyabiashara wa samaki. Baba alibaki nyuma akisema atatufuata, na alitufuata kweli ingawa alichelewa. Nalisema mapema msije mkakaa roho juu. Numbi alikuwa mdogo wa kubebwa mgongoni, mimi nilikuwa mkubwa wa kumbeba. Njiani maji yaliingia botini, watu wakapiga kelele, na Numbi hakulia. Tangu siku ile akawa mtu wa polepole. Ukimwita, anageuka baadaye. Ukimpa kitu, anakitazama kwanza.

Tulishuka pwani ya Nchelenge, upande wa Zambia, asubuhi, mchanga wote uking'aa kwa chisense. Mama alianza kuzungumza na wanawake waliokuwa wakigeuza samaki, Kiswahili kidogo, Kibemba kidogo, na katika kuulizana akataja ukoo wake. Sisi ni watu wa Samaki. Mwanamke mmoja mnene, mikono imejaa magamba, akaweka kikapu chini, akatutazama kuanzia vichwani hadi miguuni.

"Ee, chakula imefika," akasema.

Na mama yangu, ambaye hakuwa amecheka tangu Pweto, akacheka mpaka akashika kiuno. Akajibu kwamba mamba huyu ameshanenepa, ndugu zetu wangapi wameisha tumboni mwake? Wanawake wote wakaangua kicheko. Mizigo yetu ikabebwa, na jioni ile tulilala chini ya bati la Bana Chanda.

Jambo lenyewe ni utani. Bana Chanda, yaani mama yake Chanda, alikuwa mtu wa ukoo wa Mamba, na kwa kuwa mamba humla samaki, watu wa koo hizo mbili ni watani popote wanapokutana, ng'ambo hii na ng'ambo ile ya ziwa. Watatukanana, watanyang'anyana nguo, na siku mmoja akifa, mwenzake ndiye atakayemzika. Kwa mama yangu, kumpata mtani ugenini kulikuwa sawa na kumpata ndugu wa tumbo moja. Lakini mimi, kabla hatujahamia Pweto, nilikuwa nimekulia Likasi, mji wa migodi, ambako watu hutaniana juu ya mpira. Hakuna aliyenieleza. Mimi nilichosikia ni kwamba mwanamke mnene ametuita chakula, na mama yangu amefurahi.

Nyumba ya Bana Chanda ilijaa. Mume wake alikuwa mvuvi mkimya. Watoto walikuwa kikosi kizima, mkubwa wao Chanda, msichana wa rika langu, mwenye vidole virefu na kicheko cha mbuzi. Na alikuwapo mama mzazi wa Bana Chanda, kikongwe mkali wa ugoro, ambaye mimi na Numbi tulimwita Kambo, kama tunavyowaita bibi na babu kwetu Katanga. Kambo alibaki na meno mawili, na aliyatumia zaidi kututishia. Mama alipata kazi ya kuchambua samaki bandarini. Aliondoka alfajiri, akarudi jua limezama.

Chakula cha mchana tulikula watoto wote sahani moja ya bati, bukari, yaani ugali, katikati na mboga pembeni. Kama umekulia katika nyumba yenye watoto wengi, sina haja ya kukueleza. Hakuna aliyempiga mwenziwe. Hakuna aliyeiba. Ilikuwa mikono tu, inakwenda na kurudi, na vidole virefu vya Chanda ndivyo vilivyoongoza msafara. Mimi nilijifunza upesi. Tumbo ni mwalimu asiye na mchezo. Numbi alichukua tonge lake, akalifinyanga, akalipuliza, akalitazama. Alipolitia mdomoni na kunyoosha mkono tena, mkono wake ulikuta bati.

Sahani ilirudi jikoni tupu kila siku, kwa hiyo kila mtu alihesabiwa ameshiba. Nywele za Numbi zikaanza kugeuka rangi, nyekundu na nyepesi. Mashavu yakaingia ndani na nyayo zikavimba. Mama alimpeleka kliniki, akaambiwa mtoto anahitaji kula. Akawaambia anakula, kila siku anakula na wenzake, bukari na samaki. Na hakuwa anasema uongo. Alisali sana wakati ule. Nilikuwa namsikia akimwomba Mungu amwachie huyu mmoja, na mimi nikahesabu kimoyomoyo kwamba huyu mmoja si mimi.

Nyuma ya nyumba palikuwa na mtumbwi mzee, umepasuka, umezibwa kwa udongo na lami. Mume wa Bana Chanda aliujaza maji na kuwaweka humo samaki waliofika hai, wauzwe wabichi kesho yake. Siku moja akamleta mintesa. Huyu ni samaki wa chini, mweusi mweusi, mwenye mdomo mrefu uliopinda kama mkonga mdogo, na Numbi alipomwona alicheka. Nyumba nzima ikanyamaza kumsikiliza. Akaomba samaki yule asiuzwe. Bana Chanda akakubali mara moja, akasema haya basi, samaki amlinde samaki mwenzake.

Mintesa aliishi ndani ya mtumbwi pamoja na perege wengi na kambare mmoja mwenye masharubu. Tuliwatupia makombo ya bukari na minyoo. Perege walirukia juu ya maji na kambare akafagia chini. Mintesa alitoka kivulini baadaye, akapapasa mchanga kwa ule mdomo wake, akarudi. Numbi alikaa pale saa nyingi, kidevu juu ya ukingo wa mtumbwi.

Siku chache hazikupita, tukamkuta mintesa amelala ubavu. Nilisema mimi, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba kambare amemuuma. Bana Chanda akaja akamwinua kwa viganja viwili. Akamgeuza huku na huku, akatazama mapezi, akatazama mkia, akapitisha kidole tumboni.

"Hakuna kidonda," akasema. "Hakukula tu."

Akachukua beseni kubwa la kufulia, akalijaza maji ya ziwa na mchanga, akamweka mintesa humo peke yake pamoja na konokono tuliowaokota pwani, akamwekea minyoo mbele ya mdomo. Kisha akainua macho akamtazama Numbi, aliyekuwa amechuchumaa upande wa pili wa beseni. Akamtazama muda mrefu, nywele, mashavu, nyayo. Mimi niliuona mtazamo ule na sikuupenda hata kidogo.

Mchana ule ule Numbi aliitwa kutoka kwenye sahani yetu. Mkeka ulitandikwa mlangoni mwa jiko, Kambo akakaa upande huu na Numbi upande ule, na katikati yao kisahani cha udongo chenye bukari ya moto na kipande cha samaki kinene kuliko vyote nilivyowahi kuviona katika nyumba ile. Sisi tulimaliza, tukanawa, tukaenda kucheza, tukarudi. Wale wawili bado walikuwa wanakula. Ikawa hivyo kesho yake, na siku iliyofuata. Tena kila baada ya siku chache Bana Chanda alimwita Numbi, akamfinya mkono juu ya kiwiko, akamwambia mama kwa kelele kwamba samaki huyu bado ni miba mitupu, mamba gani atamtafuna? Mama alichoka, alitabasamu tu.

Mimi nikajumlisha mambo yote. Ukoo wa Mamba. Chakula imefika. Sahani ya peke yake, kipande kinene, kufinywafinywa mkono. Msinicheke. Niliwahi kuona jinsi watu wanavyonenepesha bata kabla ya Noeli.

Nikamweleza mama jioni alipokuwa ananawa magamba mikononi. Nilitegemea atapiga yowe au atacheka. Hakufanya hata moja. Alishika neno moja tu katika hadithi yangu yote.

"Numbi anakula pembeni?" akauliza.

Nikasema ndiyo, siku nyingi sasa. Mama akakausha mikono polepole. Kwetu, anayetolewa kwenye sahani ya wenzake ni mwenye kikohozi kibaya, au ni mtoto ambaye watu wameanza kumnong'ona kuwa ana mkono wa uchawi. Mtoto mwenye nywele zilizogeuka rangi na macho ya kutazama tu, mama alijua vizuri watu wanaweza kumwita nini. Akaanza kufunga kitenge chetu cha mizigo. Kesho lori lilikuwa linapita kuchukua watu kwenda kambi ya wakimbizi, na mama, aliyekuwa ameogopa kambi tangu tushuke, sasa aliona heri kambi. Huko, watu walisema, chakula kilitolewa kwa foleni ndefu. Leo nikifikiria Numbi na mwendo wake katika foleni ile, mwili unanisisimka.

Alimfuata Bana Chanda jikoni, mzigo ukiwa mkononi. Nami nilifuata nyuma.

"Mutani," mama akasema, na sauti yake haikuwa na utani. "Mutoto wangu amefanya nini, munamutoa pa sahani ya benzake?"

Bana Chanda aliutazama ule mzigo. Nilingoja apandishe hasira, maana alikuwa nazo za kutosha. Akafunika chungu, akasema kesho asiende bandarini, aketi mlangoni tu.

"Angalia namna batoto banakula," akasema. "Kisha beba muzigo yako, sitakuzuia."

Kesho yake Numbi akarudishwa kwenye sahani kubwa. Mama aliketi mlangoni, mzigo kando yake. Bana Chanda aliendelea kusonga chungu kingine kana kwamba hakuna jambo. Sisi tukala kama siku zote, na mimi, nitasema ukweli, nilikula kama siku zote pia. Numbi akachukua tonge lake. Akalifinyanga, akalipuliza, akalitazama. Mama aliinuka nusu, akakaa tena. Numbi akameza, akanyoosha mkono, na mkono ukagonga bati. Hakulalamika. Alilamba vidole vyake, akawaangalia wenzake wanaoinuka, naye akainuka, kama mtu aliyeshiba.

Mama alifunika uso kwa ncha ya kitenge. Lile lori lilikuwa linapita barabarani, tulilisikia likipiga honi, na hakuna aliyegeuza kichwa.

"Ni mimi mama yake," akasema mwishowe. "Namna gani sikuona?"

"Macho yako ingali Pweto, Mama Feza," Bana Chanda akamjibu. "Itavuka tu." Kisha akasema kwamba watoto wake si wabaya, wanakula mbio kwa sababu wamezaliwa wengi, na mtoto huyu anakula polepole, na Kambo hana meno, basi akaona awaweke wa mwendo mmoja pamoja. Akautwaa ule mzigo, akautundika mwenyewe juu ya msumari.

Numbi akarudi mkekani kwa Kambo. Nawaona hadi leo. Kambo alichukua tonge dogo, akalizungusha mdomoni kutoka jino hili hadi jino lile, akakunja uso, akamgombeza kuku, akavuta ugoro, akachukua jingine. Numbi akiacha kula na kutazama mbali, Kambo hakumwambia harakisha. Aliacha naye, akangoja, halafu akasema "panono panono", kidogo kidogo, na mikono miwili ikarudi kwenye kisahani. Bukari ilipoa na kufanya ngozi juu, na wao bado wapo. Nywele za Numbi zikaanza kuota nyeusi kutoka chini. Siku moja nikamsikia anamcheka Kambo kwa ajili ya ugoro, na Kambo akamtishia kwa yale meno mawili. Mintesa tulimrudisha ziwani, mnene, Numbi mwenyewe akimmimina kutoka kwenye beseni.

Baba alipofika tukahama, na vita vilipotulia tukarudi Likasi. Mama alikuwa na methali yake ya zamani, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Baada ya Nchelenge sikumsikia akiitumia tena.

Miaka ilipita, nikiwa tayari na duka, tukaletewa habari kwamba Kambo amefariki. Tulivuka sote, mama, mimi na Numbi, maana mtani hazikwi bila watani wake. Mama, mzee sasa, alijifunga kitenge cha Kambo, akaweka kidole puani kama mvuta ugoro, akawafungia wachimba kaburi njia mpaka walipe. Watu walilia wakicheka. Ndipo shemeji mmoja akasema haya, leo vyungu vya Nchelenge vitapumzika. Mwingine akasema Kambo alikuwa akiingia msibani, wapishi wanaficha miiko. Chanda, mwanamke mzima mwenye vidole vilevile virefu, akaigiza jinsi bibi yake alivyokuwa akila: mkono sahanini, mkono mdomoni, mkono sahanini, huwezi kuhesabu.

Nikadhani wanamsingizia, kwa kuwa msibani watani husema chochote. Nikamwambia Chanda kwamba Kambo niliyemjua mimi alikula tonge moja nusu saa, kwa sababu ya meno.

Chanda akaacha kucheka.

"Kwa Numbi tu," akasema. "Mama alimuomba. Ile meno mbili ilikuwa inamaliza kambare na kichwa yake. Na Kambo alichukia bukari ya baridi, Feza. Kuliko kitu yote."

Nilimtafuta Numbi kwa macho. Alikuwa amesimama karibu na jeneza, mrefu, mwenye afya, watoto wake wawili wamemshika sketi. Alikuwa amesikia. Alikaa chini pale pale mchangani, akalia kile kilio ambacho hakukilia siku ile botini.

Dukani kwangu nachagua samaki kwa mwendo wao, kwa sababu mwendo wa samaki haubadiliki. Yule wa buluu si mchoyo. Ndivyo alivyoumbwa, na hakuna namna ya kumwomba apunguze. Nilipokuwa mtoto niliamini kuwa Bana Chanda alifanya vivyo hivyo, alitafuta wa polepole akamweka na wa polepole, na nilimshukuru kwa hilo maisha yangu yote. Kumbe wa polepole katika nyumba ile alikuwa mmoja tu. Mwingine alikuwa bibi mlafi mwenye njaa, anayepokea chakula cha moto kila mchana na kukiacha kipoe mbele ya macho yake, mpaka mtoto wa watu anenepe. Asante, Kambo. Nimechelewa kulisema, lakini wewe ulikuwa na subira na wanaochelewa.

Baada ya maziko tuliletewa chakula, sahani moja kubwa kwa wanawake wa rika letu, Chanda na dada zake, mimi na Numbi. Numbi akachukua tonge, akalifinyanga, akalipuliza. Chanda alikuwa ameshanyoosha vidole. Akavirudisha, akaviweka juu ya goti. Nami nilishika tonge langu, nikangoja, mpaka likapoa mkononi.